Mkono wa Akoo na Mlango wa Kizimba

Ndugu msomaji, kama umewahi kupanda gari kutoka Karatu kwenda lango la Loduare, barabara ile unaijua. Mashamba ya kahawa na ngano yanabaki nyuma, udongo mwekundu pande zote, halafu ghafla msitu na ubaridi. Lami inaishia pale langoni. Watalii wanapita kila asubuhi wakienda kutafuta simba wa kreta, na sisi tuliozaliwa kandokando tunabaki kuhesabu magari.

Barabara hiyo ina historia nyingine ambayo haimo kwenye vitabu vya watalii. Ni historia ya simba, chui na duma waliokaa ndani ya vizimba, na ya watu waliowalisha. Mimi niliijua kupitia mkono wa babu yangu.

Babu yangu nilimwita Akoo, kama sisi Wairaqw tunavyowaita wazee. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole viwili tu vilivyokunja. Vingine vilisimama kama vijiti, na kiganja kilikuwa na makovu ya mviringo, mawili juu na mawili chini. Jembe alishika kwa mkono wa kushoto na kulisukuma kwa kiwiko cha kulia. Wageni walipokuja aliwasalimu kwa mkono wa kushoto, na wasiomjua waliona hana adabu. Shuleni watoto waliniita Mjukuu wa Chui. Nilipigana mara nyingi kwa ajili ya jina hilo.

Kisa chenyewe kilisimuliwa nyumbani hivi. Mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Akoo alikuwa kibarua kwenye kambi ya mkamataji wanyama mmoja. Kazi yake ilikuwa kulisha chui na kusafisha. Siku moja alizembea, chui akamkamata mkono. Akalipwa siku zake za mwezi ule, akaambiwa aende. Kwisha. Neno "alizembea" lilikuwa la tajiri wake, lakini lilibaki kwetu kama mali ya urithi. Hata Akoo mwenyewe alilisema. Ukikata kuni ukajichoma, Bibi alikuwa anasema, "Angalia, utazembea kama babu yako."

Akoo alifariki 2011 mimi nikiwa darasa la sita. Kwa miaka mingi sikuuliza zaidi. Nilianza kuuliza baada ya kuona sinema.

Sinema yenyewe inaitwa Hatari!. Ilipigwa hapa kaskazini ya Tanganyika kati ya 1960 na 1961, ikatoka 1962, mwigizaji mkuu akiwa John Wayne. Inahusu watu wanaokamata wanyama kwa ajili ya mabustani ya ng'ambo. Niliiona kwenye banda la video, sauti imezimwa nusu, na jamaa mmoja anatutafsiria kwa kelele. Magari yanakimbiza kifaru, vumbi, kamba, vicheko. Kuna duma mfugo anaitwa Sonia anayetembea ndani ya nyumba kama paka wa jirani. Washkaji walifurahi sana. Mimi nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: nani anawapa wanyama wale chakula baada ya jua kuzama? Wapo Waafrika kwenye filamu ile, lakini hakuna anayetuambia mmoja wao analala wapi, wala anafungua mlango gani asubuhi.

Lazima tukumbuke kwamba wakati ule biashara hiyo ilikuwa halali na kubwa. Tangu enzi za Mjerumani, wanyama wa Afrika Mashariki walisafirishwa kwenda Ulaya wakiwa hai. Mfanyabiashara Carl Hagenbeck wa Hamburg alifungua bustani yake mpya mwaka 1907, na sifa yake kubwa ilikuwa kuondoa nondo mbele ya simba na kuweka handaki pana wasiloweza kuruka. Mtazamaji anaona kama hakuna kitu katikati yake na mnyama. Ni ufundi mzuri. Lakini handaki lile lilikuwa mwisho wa safari. Mwanzo wa safari ulikuwa huku kwetu, kwenye vizimba vya mbao na wavu vilivyogongwa misumari haraka haraka porini.

Bibi, ambaye yupo hai, ndiye aliyenieleza kizimba cha chui kilivyokuwa, kwa sababu alikuwa akimpelekea Akoo chakula. Kilikuwa na ukubwa wa chumba kidogo cha kulala. Mlango ulikuwa mmoja, wa kuinua juu kwa kamba. Nyama ilitupwa kwa chini, mlango ukiwa umeinuliwa kiasi cha shubiri moja. Maji yalikuwa kwenye karai, na karai lilikaa ndani. Kulijaza ilibidi uingize mkono ulivute. Kwa hiyo walifanya kazi wawili: mmoja anakwenda upande wa pili kumchokoza chui kwa fimbo, mwingine anavuta karai.

Siku ile lori lilinasa kwenye tope. Mwenzake Akoo akaitwa kwenda kusukuma. Tajiri akapita, akaona karai kavu, akasema chui apewe maji sasa hivi, jua kali. Akoo akabaki peke yake na kamba, karai na chui.

Nikampelekea hadithi hii binamu yangu aliyesomea Chuo cha Wanyamapori Mweka, kile kilichoanzishwa 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Tulikuwa kijiweni, tunakunywa chai. Akasikiliza mpaka mwisho, akaomba viberiti viwili na vijiti. Akavipanga mezani.

"Hiki ni chumba A," akasema, "na hiki ni chumba B. Katikati kuna mlango wa kuteleza, unauvuta kwa waya ukiwa nje. Chui yuko A. Wewe unataka kusafisha A. Unaweka nyama B, chui anahamia B, unashusha mlango, unapiga kufuli. Halafu unamhesabu kwa macho. Kama ni mmoja, umwone mmoja. Kama ni watatu, uwaone watatu. Ndipo unaingia A."

"Na mlango wa nje?"

Akaweka kijiti kingine, kisha kingine mbele yake. "Miwili. Katikati kuna ujia mdogo wa kusimama mtu. Mmoja haufunguliwi mpaka mwingine umefungwa. Akikuponyoka kwenye wa kwanza, bado hajatoka. Maji yanaingia kwa bomba kutoka nje. Na hufanyi kazi hiyo peke yako, hata kama ni bosi kasema, hata kama umemlea huyo mnyama tangu ananyonya."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Babu yako alikuwa na mlango mmoja, karai la kuvuta kwa mkono, na hana mwenzake. Sasa hapo uzembe ni wa nani?"

Jamani, chai ilinishinda.

Nikaanza kusoma habari za watu maarufu waliofuga paka wakubwa Afrika Mashariki, nione kama wao walipona na mambo haya. Wanaojulikana kuliko wote ni George na Joy Adamson wa Kenya. Simba wao Elsa alikufa Januari 1961, akaacha watoto watatu: Jespah, Gopa na Elsa mdogo. Watoto hao wakaanza kuvamia mbuzi wa wanakijiji, ikaamuliwa wahamishwe. George akatengeneza masanduku matatu, akawazoesha kula humo kwa muda, mpaka siku moja wote watatu walipoingia na milango ikaangushwa kwa pamoja. Mwezi Mei 1961 wakafikishwa Serengeti, jirani zetu kabisa, mwaka uleule wa mkono wa Akoo. Jespah alikuja na ncha ya mshale mwilini. Joy alitaka sana afanyiwe upasuaji, wenye mamlaka ya hifadhi hawakukubali. Muda wao wa kukaa hifadhini ukaisha, na baada ya hapo Joy alirudi mara kwa mara kama mgeni mwingine yeyote, akiwatafuta.

Kisa cha pili ndicho kilichonikaa moyoni. Kuna simba dume aliitwa Boy, mmoja wa waliotumika kwenye filamu ya maisha ya Elsa iliyotoka 1966. Baada ya filamu, George akampeleka Meru, Kenya, ajifunze kuishi porini. Mwaka 1969 Boy alimuuma mtoto mdogo wa mkuu wa hifadhi ile, mtoto akiwa ndani ya gari la wazi. Baadaye mwaka huohuo Boy mwenyewe akaonekana amevunjika mguu wa mbele. Madaktari wa mifugo Toni na Sue Harthoorn wakamfanyia upasuaji, wakamwekea chuma kwenye mfupa, akauguzwa Naivasha kwa miezi. Halafu 1970 akahamishiwa Kora, kando ya mto Tana.

Pale Kora George alifanya jambo la busara: alizungusha uzio mrefu wa wavu kwenye kambi yake, watu wakakaa ndani na simba wakazurura nje. Mtu ndiye aliyekaa kizimbani. Lakini uzio ule nao ulikuwa na mlango. Mwaka 1971 mfanyakazi wa kambi, ambaye vitabu vinamtaja kwa jina la Stanley tu, alitoka nje ya uzio kutafuta asali. Boy akamshika. George alikimbia na bunduki, akampiga Boy risasi, akamrudisha Stanley kambini. Stanley alikufa baada ya dakika chache.

Sisemi George alikuwa mtu mbaya. Alimpiga risasi simba aliyempenda na kumuuguza. Ninachosema ni kwamba habari za Boy tunazo nyingi: alikotoka, mguu upi ulivunjika, nani alimtibu. Habari za Stanley tunapewa mstari mmoja, na ndani ya mstari huo kuna lawama: aliambiwa asitoke, akatoka. Nilipousoma niliisikia sauti ya tajiri wa Akoo.

Kuna mfano wa zamani zaidi ambao kila mtoto wa shule Tanzania ameukaribia bila kujua. Mwaka 1844, huko Mabotsa, Afrika Kusini, simba alimrukia Livingstone akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Mwalimu Mwafrika aliyeitwa Mebalwe alijaribu kumpiga simba risasi, bunduki ikakataa, lakini simba akamwacha Livingstone akamrukia yeye, akamng'ata paja. Mfupa wa Livingstone haukuunga vizuri. Alipokufa 1873, Chuma na Susi na wenzao wakambeba mpaka Bagamoyo, na mwili ulipofika London 1874, daktari aliutambua kwa lile vunjiko la simba. Kovu lilimrudishia Livingstone jina lake. Paja la Mebalwe halikuandikiwa ripoti.

Na sasa tuje kwenye jeraha lenyewe, maana wengi wetu tunadhani hatari ya paka mkubwa ni kuchanwa na kutokwa damu. Damu ni ya kwanza, kweli. Lakini jino la chui ni refu na jembamba. Linachoma ndani kama sindano ya gunia, likitoka ngozi inajifunga juu, na vijidudu vya mdomoni vinabaki chini vikizaliana. Mkono ni mbaya zaidi, kwa kuwa mishipa na viungo viko karibu sana na ngozi. Katika saa 24 tu mkono unaweza kuvimba na kuoza.

Bibi anasema Akoo alifungwa kipande cha gunia na kamba iliyokazwa sana juu ya kiwiko. Hakuna aliyemwosha. Lori lilikuwa kwenye tope, kwa hiyo akalala palepale kambini. Walipomfikisha hospitali kesho yake jioni, vidole vilikuwa vyeusi. Daktari alifanya alichoweza.

Binamu yangu akanieleza wanavyofundishwa leo. Kwanza mnyama afungiwe na watu wahesabiwe, kwa sababu mwokoaji anayekimbilia bila kuangalia huwa majeruhi wa pili. Bunduki ya usingizi usiitegemee wakati mtu yuko mdomoni mwa mnyama, maana dawa inachukua dakika kadhaa kufanya kazi. Damu inayotiririka inabanwa kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia achia. Ikitulia, jeraha linaoshwa kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, robo saa nzima, hata kama mgonjwa analia. Kisha hospitali siku hiyohiyo: dawa za kuua vijidudu, sindano ya pepopunda, na chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani ugonjwa huo dalili zikishaanza hakuna tiba. Na tundu la jino halishonwi haraka haraka kufungia uchafu ndani. Gari la dharura liwepo, lina mafuta, na dereva anajulikana ni nani.

Maji na sabuni, ndugu zangu. Vilikuwepo hata 1961.

Mtu anaweza kuniuliza, mbona naongelea vizimba wakati Ngorongoro ni nchi ya simba huru? Nami namjibu kwamba kreta yetu nayo ina kuta. Zinapanda mita 600 hivi, na chini kuna eneo la kilomita za mraba 260 hivi. Simba wa humo wana chakula tele na hawana sababu kubwa ya kutoka. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa za 1961, nzi wanaouma walizaliana kupita kiasi. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi mkuu, aliandika habari zake: simba wamejaa vidonda vibichi, wengine wanapanda miti, wengine wanajificha kwenye mashimo ya fisi, hawawezi kuwinda. Simba zaidi ya 60 walipungua mpaka kama kumi hivi. Baadaye madume saba wageni wakaingia kutoka nje, na kutokana na wachache hao kizazi kikaanza upya, ila watafiti walikuja kukuta kwamba simba wale ni ndugu wa karibu mno kwa damu. Akoo alikuwa akisema mwaka ule yeye na simba wa kreta waliuguza vidonda pamoja. Tulicheka. Nilidhani ni utani wa wazee, mpaka nilipoikuta tarehe imeandikwa.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kubadilika taratibu. Mwaka 1964 kisiwa cha Saanane, pale Mwanza, kikafanywa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, kwa jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi hapo, na maji ya ziwa yakawa uzio wa nje. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Sheria ya wanyamapori ya 1974, na baada yake ile Namba 5 ya 2009, zinataka kibali kwa anayemshika au kumweka mnyamapori, kwa hiyo mtu hawezi tena kugonga misumari kwenye mbao akaita kizimba. Hata hivyo mwaka 2010 wanyama zaidi ya 100, wakiwemo twiga, walipandishwa ndege pale KIA wakapelekwa Qatar. Kelele zilikuwa nyingi bungeni na magazetini, na 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Nilifuatilia habari zile kwa hamu. Twiga walihesabiwa mmoja mmoja. Nikawa nawaza kuhusu vijana waliowalisha kabla ya ndege kuja.

Krismasi iliyopita nilirudi nyumbani Karatu. Nikamkuta Bibi anachambua maharage uani. Nikakaa chini, nikaomba viberiti viwili kutoka jikoni, nikampangia kama binamu yangu alivyonipangia: chumba A, chumba B, mlango wa katikati, ujia wa nje, bomba la maji. Nikamwambia, kizimba cha babu kilikuwa hivi, nikaondoa kiberiti kimoja na vijiti vyote isipokuwa kimoja.

Bibi aliviangalia muda mrefu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hiki kijumba cha pili kingekuwa mbao ngapi?"

Nikapiga hesabu. Nikasema labda thelathini, na misumari, na waya.

"Thelathini," akasema. Akarudia kuchambua maharage. Baadaye akasema, bila kuniangalia, "Alikuwa anaamka usiku anamwomba Mungu msamaha kwa uzembe. Mpaka amekufa."

Sikuwa na la kujibu. Jioni ile kaka yangu mdogo alijikata na panga, kidogo tu, akaja analia. Nilisubiri nisikie maneno yetu ya siku zote. Bibi alimshika mkono, akamburuta mpaka bombani, akachukua sabuni ya kipande, akasema, "Simama hapo. Robo saa."